Raia Aliyekataa Kujitenga: James Petigru na South Carolina ya Mwaka 1860

Jimbo linajitenga pale linapojitoa, kwa uamuzi wake lenyewe, katika dola lilimokuwa, na kutangaza kwamba sheria, mahakama na kodi za dola hiyo hazina nguvu tena juu ya watu wake. Vitabu vingi vya historia hulisimulia jambo hilo kwa majina ya marais na majemadari, na ni nadra kuuliza raia wa jimbo lenyewe walikuwa na maoni gani katika miezi ile ambayo uamuzi ulikuwa bado unapikwa na risasi ya kwanza haijalia. South Carolina, jimbo la kwanza kutoka katika Muungano wa Marekani, inafaa sana kuchunguzwa kwa upande huo, kwa sababu mnamo tarehe 20 Desemba 1860 ilijitenga kwa kura 169 bila hata moja ya kupinga, ilhali katika Charleston, mji wake mkubwa, alikuwepo wakili mashuhuri aliyeupinga uamuzi huo hadharani tangu siku ulipotolewa hadi alipokata roho. Wakili huyo ni James Louis Petigru.

Petigru alizaliwa mwaka 1789, mwaka uleule ambao George Washington aliapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani, katika wilaya ya Abbeville iliyoko bara ya jimbo hilo, mbali na utajiri wa pwani. Alihitimu mwaka 1809 katika chuo cha South Carolina College, akasomea sheria, na kuanzia mwaka 1822 hadi 1830 alikuwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Baada ya hapo aliendesha ofisi yake katika kichochoro kilicho kando ya kanisa la St. Michael, na vijana wengi walipitia hapo kujifunza uwakili. Hakuwa mgeni wala mtu wa pembezoni. Matajiri wa mashamba ya mpunga na pamba, ambao baadaye waliongoza harakati za kujitenga, walikuwa wateja wake, na wengine walikuwa ndugu zake.

Ugomvi ulioivunja Marekani mwaka 1860 ulikuwa na mzizi wa kisheria wa miaka mingi. Kundi moja lilishikilia kwamba Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 ilikuwa mkataba baina ya majimbo yenye mamlaka kamili, na kwamba kila jimbo, kwa kuwa lilijiunga kwa hiari, lilibaki na haki ya kupima lenyewe iwapo mkataba umevunjwa na hata kujitoa. Kundi jingine lilisema kwamba Katiba hiyo iliwekwa na watu wote wa nchi wakiwa taifa moja, kwa hiyo jimbo haliwezi kuifuta peke yake, kama vile wilaya isivyoweza kujifutia sheria ya jimbo. Mwanasiasa John C. Calhoun wa South Carolina aliyatetea mawazo ya kundi la kwanza kwa ufasaha mkubwa, na mwezi Novemba 1832 mkutano maalumu wa jimbo lake ulitangaza kwamba ushuru wa forodha uliowekwa na serikali kuu mwaka 1828 na 1832 ni batili ndani ya mipaka ya South Carolina. Rais Andrew Jackson alijibu kwamba yuko tayari kutumia nguvu, wabunge wakasaka suluhu ya kupunguza ushuru, na vita vikaepukwa.

Katika mvutano huo Petigru alikuwa miongoni mwa viongozi wa raia waliosimama na Muungano, na kilichofuata ndicho kilichompa uzoefu ambao ungemfaa baada ya miaka thelathini. Bunge la jimbo lilitunga sheria ya kuwataka maofisa wa wanamgambo waape kwamba utii wao wa kweli ni kwa South Carolina. Mjini Charleston ofisa mmoja aliyechaguliwa na wenzake alikataa kuapa, akanyimwa hati ya cheo, na shauri likafika Mahakama ya Rufani mwaka 1834. Petigru, pamoja na mawakili wenzake, alimtetea kwa hoja kwamba mtu anaweza kuwa raia wa jimbo na raia wa taifa kwa wakati mmoja, na kwamba bunge halina idhini ya kumlazimisha aukane uraia mmoja ili aruhusiwe kuutumikia mwingine. Majaji wawili kati ya watatu walikubali kwamba kiapo kile ni kinyume cha katiba. Bunge halikusahau, na mwaka uliofuata liliivunja mahakama hiyo. Ushindi ulikuwa wa Petigru, lakini mwelekeo wa jimbo ulikuwa umekwisha kujionyesha.

Namna uamuzi wa mwaka 1860 ulivyofikiwa inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa wingi wa kura zile 169 huwafanya wasomaji wengi wadhani kwamba ni jimbo zima lililosema. Abraham Lincoln alichaguliwa rais tarehe 6 Novemba 1860, akipata kura 180 kati ya 303 za wajumbe wa uchaguzi, yaani watu wanaoteuliwa na kila jimbo kumchagua rais kwa niaba yake. Katika majimbo mengine yote wajumbe hao walichaguliwa na wananchi wenye haki ya kupiga kura, lakini South Carolina ilikuwa jimbo pekee lililokuwa bado linaacha kazi hiyo kwa bunge lake. Raia wa jimbo hilo, hata mwanamume mweupe mwenye haki zote, hakuwahi kutia karatasi sandukuni kumkubali wala kumkataa Lincoln. Bunge hilohilo, lililokuwa limekutana kuteua wajumbe, liliitisha uchaguzi wa mkutano maalumu wa kuamua hatima ya jimbo.

Msisimko ulipanda kwa kasi. Tarehe 7 Novemba, siku moja tu baada ya uchaguzi, jopo kuu la mahakama ya serikali kuu mjini Charleston, yaani kundi la raia wanaochunguza mashtaka kabla ya kesi kufunguliwa, lilitangaza kwamba halitaendelea na kazi yake. Jaji Andrew Magrath alisimama, akatamka kwamba anajiuzulu, akalivua joho lake mbele ya umati, na kwa tendo hilo mahakama ya Muungano ikafungwa katika jimbo zima. Mkutano maalumu ulifunguliwa Columbia, makao makuu ya jimbo, tarehe 17 Desemba, ukahamia Charleston kwa sababu ya ndui iliyozuka Columbia, na tarehe 20 ukapiga kura katika ukumbi wa St. Andrew. Jioni yake wajumbe wote 169 walitia saini hati ya kujitenga katika ukumbi wa Institute mbele ya maelfu ya watu. Hati hiyo haikupelekwa kwa wapiga kura. Texas, Virginia na Tennessee, zilipofuata njia hiyo mwaka 1861, ziliwaomba wananchi wao waithibitishe, lakini South Carolina haikuona haja.

Sababu za kujitenga hazihitaji kukisiwa, kwa kuwa waliojitenga waliziandika wenyewe. Katika tamko walilolipitisha tarehe 24 Desemba walilalamika kwamba majimbo ya kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka, kwamba yanaruhusu vyama vinavyopinga utumwa, na kwamba sasa amechaguliwa rais ambaye maoni yake ni adui wa utumwa. Haki za majimbo zimetajwa humo, lakini haki inayolindwa ni moja. Tena lalamiko la kwanza linayashutumu majimbo ya kaskazini kwa kutumia madaraka yao ya ndani kuipinga sheria ya serikali kuu ya kurudisha watoro. Anayedai kwamba vita vile vilihusu kodi au fahari ya jimbo anabishana na watu wenyewe waliovianzisha.

Petigru aliyaona yote hayo akiwa na umri wa miaka 71. Maoni yake, kama alivyoyaeleza katika barua na katika mazungumzo ambayo hakuyaficha, yalianzia palepale alipokuwa mwaka 1832: Katiba iliunda taifa, na ndani ya sheria hakuna mlango wa kutokea ambao jimbo linaweza kuufungua peke yake. Watu wana haki ya kupindua serikali dhalimu, lakini hayo ni mapinduzi, na anayefanya mapinduzi hana budi kuonyesha dhuluma aliyotendewa na kukubali gharama yake, hawezi kujificha nyuma ya kifungu cha sheria. Kwa kipimo hicho, kuchaguliwa kwa rais kwa njia halali hakukuwa dhuluma. Lincoln alikuwa hajaapishwa, hajatia saini sheria hata moja, na South Carolina ilikuwa imekwisha kuondoka. Petigru aliona katika jambo hilo hasira za wanasiasa zilizogeuzwa kuwa sera, na aliamini kwamba mwisho wake ni maangamizi ya jimbo alilolipenda.

Mahali pa kuyasema maoni hayo palizidi kuwa padogo. Inasimuliwa kwamba siku kasisi wa kanisa la St. Michael alipoiacha kwa mara ya kwanza sala ya kumwombea Rais wa Marekani, Petigru aliinuka katika kiti chake na kutoka nje ibada ikiendelea. Kanisa lile lilikuwa karibu na ofisi yake, na waumini walikuwa jirani zake wa miaka mingi, kwa hiyo kitendo cha kuinuka mbele yao wote kilikuwa tamko zito kuliko makala yoyote ya gazeti.

Hata hivyo, kumsifu Petigru bila kutaja upungufu wake ni kumwandika nusu. Alimiliki watumwa, na ingawa aliwahi kuwatetea watu weusi huru mahakamani, hoja yake dhidi ya kujitenga haikujengwa juu ya ubaya wa utumwa. Alipinga njia, na ule mfumo ambao njia hiyo ilikusudia kuulinda aliugusa kwa mbali tu. Sensa ya mwaka 1860 iliwahesabu watu 703,708 katika South Carolina, na kati yao 402,406 walikuwa watumwa. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya wakazi wa jimbo walihesabiwa kuwa mali siku ile ambayo ukumbi ulishangilia kwamba watu wa South Carolina wamesema kwa sauti moja. Pingamizi kubwa kuliko yote dhidi ya kura 169 lilikuwa hilo, na wakili mkubwa wa jimbo hakulitamka.

Walionyimwa kura walitoa maoni yao kwa njia nyingine. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, kijana wa miaka 23 aitwaye Robert Smalls, mtumwa aliyefanya kazi ya kushika usukani katika meli ya mvuke iitwayo Planter, aliing'oa meli hiyo gatini Charleston wakati maofisa weupe wamelala nchi kavu. Aliwapakia mkewe, watoto na familia za mabaharia wenzake, akavaa kofia ya nahodha, akapiga king'ora cha ishara sahihi alipopita chini ya mizinga ya ngome ya Sumter, kisha akapandisha shuka jeupe na kuikabidhi meli kwa jeshi la majini la Muungano. Watumwa 16 walipata uhuru asubuhi ile. Hapo ndipo msomaji anapoweza kusoma maoni ya raia ambao sheria ilikataa kuwaita raia.

Swali linalobaki kuhusu raia weupe ni kama kweli wote walikubaliana. Mwezi Machi 1861 Lincoln alitaka kulijua hilo hasa, akamtuma Stephen Hurlbut, wakili kutoka Illinois aliyezaliwa Charleston na kusomea sheria katika ofisi ya Petigru. Hurlbut alizungumza na mwalimu wake wa zamani na watu wengine, akarudi na ripoti kwamba mapenzi kwa Muungano yamekwisha mjini humo na kwamba Petigru ndiye mtu pekee anayeyatangaza waziwazi. Ripoti hiyo hueleweka vibaya inaposomwa kama hesabu ya mioyo ya watu. Kilichohesabiwa na Hurlbut ni midomo. Kamati za ulinzi za mitaa zilikuwa zinawahoji wageni na kuwafukuza walioshukiwa, watu weusi huru wa Charleston walikuwa wameanza kukimbilia kaskazini tangu maofisa walipowadai hati za uhuru mwaka 1860, na mfanyabiashara mdogo aliyetilia shaka sera ya jimbo alijua kwamba angepoteza wateja kabla ya jua kutua. Petigru alivumiliwa kwa sababu ya umri, heshima na udugu wake na wakubwa. Bunge la jimbo hata lilimwacha aendelee na kazi aliyopewa mwaka 1859 ya kukusanya na kupanga upya sheria zote za South Carolina. Ni jambo la kuheshimika kwamba walimvumilia, lakini uhuru anaopewa mzee mmoja maarufu hauwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwamba wengine nao walikuwa huru.

Maoni yake yalipata mtihani wao mkali baada ya vita kuanza. Ngome ya Sumter, iliyokuwa bado mikononi mwa wanajeshi wa Muungano kwenye lango la bandari ya Charleston, ilipigwa mizinga kuanzia tarehe 12 Aprili 1861 na kusalimu amri siku iliyofuata. Majimbo yaliyojitenga yalikuwa yamekwisha kuunda dola yao, inayojulikana kama Shirikisho, na mwezi Agosti mwaka huo bunge lake lilitunga sheria ya kutwaa mali zote za raia wa adui zilizokuwa ndani ya mipaka yake. Ili kuzipata mali hizo, mahakama ziliwapelekea mawakili, mabenki na wafanyabiashara hati zilizowataka waeleze kwa kiapo kama wanashika fedha, dhamana au siri za biashara za mtu yeyote wa kaskazini. Hati moja ilimfikia Petigru, naye akaenda mahakamani mwezi Oktoba kuipinga.

Jaji aliyekuwa kitini ni Andrew Magrath, yuleyule aliyelivua joho la Muungano mwezi Novemba 1860, ambaye sasa alikuwa amevaa la Shirikisho. Mbele yake Petigru alisema kwamba hakuna katiba, ya zamani wala mpya, inayoipa serikali uwezo wa kumgeuza kila raia kuwa mpelelezi wa jirani yake. Alieleza kwamba hati ile haimtaji mshtakiwa wala kosa, inamwita tu mtu na kumtaka afunue kila anachokijua kuhusu mali za wengine, na kwamba wakili akilazimishwa kuzitoa siri za mteja wake, hatabaki mtu wa kumwamini wakili. Ubora wa hoja hii uko katika mahali ilipotolewa. Waliojitenga walidai kwamba wamekimbia serikali kuu iliyovuka mipaka yake, na katika mwaka wao wa kwanza walitunga sheria iliyowafuata raia wao hadi ndani ya makabati ya ofisi zao. Petigru, aliyeitwa msaliti wa haki za jimbo, ndiye aliyesimama kuitetea haki ya mtu mmoja mbele ya serikali mpya. Magrath aliisikiliza hoja kwa adabu, kisha akaamua kwamba sheria ni halali.

Wasomaji wa Afrika wana sababu zao za kulitafakari suala hili bila pupa, kwa kuwa bara hili limeshuhudia majimbo yakijitenga kwa sababu zisizofanana. Katanga ilijitangaza huru tarehe 11 Julai 1960, siku chache baada ya uhuru wa Kongo, ikiwa na kampuni ya madini na wanajeshi wa Kibelgiji nyuma yake. Biafra ilijitenga na Nigeria mwaka 1967 baada ya maelfu ya Waigbo kuuawa kaskazini mwa nchi, na Tanzania ya Mwalimu Nyerere ikaitambua tarehe 13 Aprili 1968, kwa hoja kwamba muungano hauwezi kushikiliwa kwa mabavu juu ya watu wasioiona tena dola kuwa mlinzi wa maisha yao. Msimamo huo una mantiki yake, na ukiwekwa kando ya South Carolina unaonyesha mahali ambapo hoja ya kisheria ya Petigru haitoshi peke yake. Kila jimbo linalotaka kutoka lazima liulizwe linakimbia nini, na ni nani ndani yake aliyeulizwa. Waliojitenga Charleston walihofia mali yao, na mali hiyo ilikuwa binadamu.

Moto mkubwa wa Desemba 1861 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, zikiwemo kumbi zote mbili zilimopigiwa kura na kutiwa saini hati ya kujitenga. Petigru alifariki tarehe 9 Machi 1863, vita vikiwa bado havijafika katikati, na wanasheria waliokuwa wapinzani wake walijitokeza kumsifu. Mwaka 1869 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyoihusu Texas, iliamua kwamba Muungano hauvunjwi na jimbo moja, na kwamba njia za kutoka ni mapinduzi au ridhaa ya majimbo mengine. Ni kauli ambayo wakili wa Charleston angeitia saini bila kubadilisha neno.

Kabla ya hukumu hiyo, mwezi Januari 1868, mkutano mwingine wa katiba ulikuwa umefunguliwa mjini Charleston. Wengi wa wajumbe wake 124 walikuwa watu weusi, na Robert Smalls alikuwa mmoja wao. Waliondoa sharti la kumiliki mali kwa anayegombea ubunge, wakaweka msingi wa shule za umma kwa watoto wa rangi zote, na mwezi Aprili katiba yao ilipelekwa kwa wapiga kura, weusi na weupe, ikathibitishwa.